Kuvumilia Maumivu na Kuvumilia Kupona

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na tena wakasema kawia ufike. Methali hizi tumezisikia tangu utotoni, nasi huwarudia watoto wetu bila kuzichunguza sana. Lakini uvumilivu si kitu kimoja. Yuko mtu anayevumilia maumivu: anaumwa mgongo miaka mitano, anakaza meno, anaendelea na kazi yake, na watu wanamsifu kwa sababu halalamiki. Yuko pia mtu anayevumilia kupona: asubuhi na jioni anafanya jambo dogo lisilo na muujiza wowote, wiki baada ya wiki, kabla hajaona tofauti yoyote. Wa kwanza tunamwita jasiri. Wa pili mara nyingi tunamcheka, au tunamwonea huruma kwamba amekosa fedha za kujitibu. Katika insha hii nataka kuuliza kwa nini tunawaona hivyo, na kama tunawatendea haki.

Swali hili si la kubuni kwa sisi tunaoishi Nyegezi. Jiji la Mwanza limekaa juu ya miamba na kando ya ziwa, na riziki ya watu wake wengi hutoka ama kwenye jiwe ama kwenye maji. Wapo akina mama wanaopasua kokoto kwa nyundo kutwa nzima, wameketi chini, wameinamia jiwe. Wapo wavuvi wa dagaa wanaovuta nyavu usiku wa giza, taa zao zikionekana ziwani kama mji mwingine, nao hupumzika tu pale mbalamwezi inapozishinda nguvu taa zao. Wapo wabeba mizigo wa stendi ya mabasi, vijana wa bodaboda, wanawake wanaopanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Wapo pia walimu na makarani wa vyuo vyetu, ambao mzigo wao ni kiti. Wote hawa hukutana kwenye lalamiko moja: kiuno, goti, bega, shingo. Nao si peke yao. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wakiumwa sehemu ya chini ya mgongo.

Mtu wa kwetu akizidiwa na maumivu ya namna hii, huona njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni sindano. Ya pili, ikiwa ana fedha au ana watoto wenye fedha, ni kisu. Njia ya tatu, yaani tiba ya viungo ambayo wataalamu huiita fiziotherapia, wengi hawaihesabu kuwa ni tiba. Huihesabu kuwa ni kitu cha kumliwaza mgonjwa wakati tiba yenyewe inasubiriwa.

Tusiwacheke watu wanaoamini sindano. Imani hiyo ina historia, na historia yenyewe ni ya heshima. Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa buba ulikuwa umeenea sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ulileta vidonda vibaya mwilini, ukala mifupa, ukalemaza watu. Kisha madaktari wa serikali na wa misheni wakaja na sindano, na vidonda vilivyomtesa mtu kwa miezi vikakauka katika siku chache. Watu walitembea mwendo mrefu kuifuata sindano hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini, ambayo nayo iliponya kwa kasi magonjwa yaliyokuwa yakiua. Bibi na babu zetu hawakuwa wajinga. Waliona kwa macho yao kwamba dawa ya kumeza huchelewa, na ya kuchoma hufika. Wakatufundisha hivyo, nasi tukashika.

Kosa linaingia pale tunapodhani kwamba kila maumivu ni buba. Buba ina kijidudu, na dawa ikikiua kijidudu ugonjwa umekwisha. Mgongo wa mpasua kokoto hauna kijidudu cha kuua. Sindano ya diklofenaki anayochomwa inatuliza maumivu kwa saa kadhaa, nayo ni dawa ileile iliyomo katika kidonge cha diklofenaki. Kuchomwa hakuifanyi kuwa dawa nyingine. Ikirudiwa mara kwa mara, kwa sindano au kwa kidonge, inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Na sindano yenyewe ina hatari zake. Nchini Uganda madaktari wameandika habari za watoto wengi waliopooza mguu baada ya kuchomwa sindano matakoni, karibu na mshipa mkubwa wa fahamu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba sindano zipatazo bilioni 16 huchomwa duniani kila mwaka, na kwamba nyingi kati yake hazikuwa za lazima, kwa kuwa mgonjwa angeweza kumeza dawa hiyo.

Kisu nacho kina historia yake. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston huko Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walionyesha kwamba kile kijisahani laini kilichoko kati ya pingili za uti wa mgongo kinaweza kutokeza na kuubana mshipa wa fahamu, na kwamba kukiondoa kwa upasuaji kunaweza kumtuliza mgonjwa. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa. Tangu hapo mgongo ukapata maelezo rahisi kueleweka: kuna kitu kimetoka mahali pake, kikatwe. Vilipokuja vipimo vya MRI, watu wakaonyeshwa kitu hicho kwa picha. Nani atabishana na picha?

Lakini mwaka 1994 watafiti wa Marekani walifanya jambo la busara. Waliwachukua watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, wakawapiga picha hizo za MRI. Ni 36 tu katika kila 100 walioonekana kuwa na vijisahani visivyo na kasoro yoyote. Zaidi ya nusu walikuwa na angalau kijisahani kimoja kilichovimba. Maana yake ni kwamba yale tunayoyaita uharibifu yanapatikana tele kwa watu wanaocheza na wajukuu wao bila tatizo, kama mvi zinavyopatikana kwenye kichwa cha mtu mwenye afya. Picha husema kweli kuhusu umbo la mfupa. Haisemi peke yake kwa nini mtu anaumwa.

Magoti yametoa somo kubwa zaidi. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Houston kwa wagonjwa 180 wenye goti lililochakaa. Baadhi walisafishwa goti kwa upasuaji wa kweli. Wengine walichanjwa ngozi tu, wakashonwa, wakaamini wamepasuliwa. Katika miaka miwili ya kufuatiliwa, waliopasuliwa kweli hawakuwa na nafuu kuliko waliochanjwa ngozi. Mwaka 2013 watafiti wengine wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 351 wenye mpasuko wa gegedu la goti pamoja na uchakavu. Kundi moja lilipangiwa upasuaji na tiba ya viungo, jingine tiba ya viungo peke yake. Baada ya miezi sita makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa. Ni haki kuongeza kwamba karibu watu 30 katika kila 100 waliopangiwa mazoezi peke yake waliomba kupasuliwa kabla ya miezi hiyo kwisha. Mazoezi hayamfai kila mtu.

Na sindano za ndani ya goti, zile za steroidi? Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 156 waliotibiwa katika hospitali za jeshi la Marekani. Nusu walipewa sindano hizo, nusu wakapewa tiba ya viungo. Baada ya mwaka mmoja wale wa tiba ya viungo walikuwa na maumivu machache zaidi na walitembea vizuri zaidi. Miaka mitatu kabla yake, utafiti mwingine ulikuwa umeonyesha kwamba wagonjwa waliochomwa steroidi gotini kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi tu, na maumivu yao hayakupungua kuwashinda hao.

Hapa ni lazima niweke onyo, maana insha isiyo na onyo inaweza kuumiza. Yapo maumivu ambayo si ya kufanyiwa mazoezi kwanza. Mtu anayeumwa mgongo huku mkojo au choo kinamtoka bila kujua, au hakitoki kabisa. Anayepoteza nguvu za mguu. Anayepata homa, jasho la usiku na kukonda, ambavyo kwa nchi yetu vinaweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Aliyeanguka kutoka juu ya mti au pikipiki. Aliyewahi kuugua saratani: hao waende hospitali bila kuchelewa, na wengine wao watahitaji kisu kweli. Upasuaji ni neema kwa anayeuhitaji. Dawa za maumivu nazo zina mahali pake. Nasemea wale wengine, walio wengi, ambao daktari amewapima na hakuona hatari.

Kwa watu hao tiba ya viungo inafanya nini? Mtu akiumwa huogopa kujongea. Asipojongea, misuli inayoshikilia mgongo au goti hunyong'onyea. Ikinyong'onyea, kazi ndogo inakuwa nzito, na maumivu yanaongezeka, naye anaogopa zaidi. Mishipa ya fahamu nayo hujifunza woga huo, ikawa inapiga kengele hata pasipo na moto. Mtaalamu wa viungo huanza kuufungua mnyororo huo pete moja moja. Anampa mgonjwa zoezi analoliweza leo, kesho kutwa anaongeza kidogo, wiki ijayo kidogo tena, mpaka mwili uanze kuamini kwamba kuinama si kuvunjika. Kazi hii si ngeni duniani. Huko Stockholm, Per Henrik Ling alianzisha taasisi ya kufundisha mazoezi ya viungo mwaka 1813. Wala si ngeni kwetu. Kwa miaka mingi chuo kilichopo KCMC, Moshi, kimetoa wataalamu wa fiziotherapia wanaofanya kazi katika hospitali za nchi hii, ingawa bado ni wachache mno ukilinganisha na migongo inayouma. Na mwishoni mwa mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, mazoezi na elimu kwa mgonjwa vilikuwa miongoni mwa mambo liliyoyapendekeza.

Basi kwa upande wa elimu ya tiba, jambo liko wazi kiasi cha kutosha. Ugumu uliobaki ni wa maadili, nao ndio ulionifanya nishike kalamu.

Jirani yangu mmoja hapa Nyegezi ni mama wa makamo anayepasua kokoto. Ndiyo kazi iliyomsomeshea watoto watatu. Mgongo ulimshika, ukashuka kwenye paja hadi ndama ya mguu. Kwa karibu mwaka mzima alichoma sindano kila maumivu yalipopanda. Akichomwa asubuhi, mchana yuko kwenye jiwe. Hatimaye alipimwa hospitali, hakukutwa na dalili ya hatari, akaelekezwa kwa mtaalamu wa viungo mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Wanawe walipopata habari walikasirika. Mkubwa wao, anayefanya kazi mbali, alikuja nyumbani akasema kiwanja kiuzwe ili mama akafanyiwe upasuaji katika jiji jingine. "Mama," alisema, "hatuwezi kukaa tunakuangalia unajinyoosha mkekani kama mtoto wa shule ya vidudu. Watu watasema hatuna uwezo, au hatukupendi."

Nimeyafikiri sana maneno yale. Hayakuwa maneno ya mtoto mbaya. Mtoto mbaya hauzi kiwanja kwa ajili ya mama yake. Yalikuwa maneno ya mtu aliyefundishwa, kama sisi sote, kupima mapenzi kwa bei. Tiba ya shilingi milioni kadhaa inaonyesha mapenzi ya milioni kadhaa. Mkeka na mpira wa kuvuta vinaonyesha nini? Tena upasuaji una siku yake: ndugu wanakusanyika, wanasali, wanakesha kwenye benchi la hospitali, daktari anatoka, habari inapigwa kwa simu. Mazoezi hayana siku. Hakuna atakayesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kumwona mama akinyanyua mguu mara kumi. Kumbe huenda kinachotuvuta kwenye kisu si kisu chenyewe. Huenda ni ile nafasi kinachotupa sisi, tusioumwa, ya kuonekana tumefanya jambo.

Mama mwenyewe alikuwa na hoja tofauti, nayo ilikuwa nzito kuliko ya mwanawe. Siku ya pili alipokwenda kwenye tiba, yule binti mtaalamu alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akamweleza mazoezi ya kufanya nyumbani na akamkataza kuketi chini kwa muda mrefu. Mama akamjibu, "Mwanangu, nimekuja hapa kwa sababu ya kazi kunishinda, na wewe umeniongezea kazi nyingine. Na hiyo ya kwanza unaniambia niipunguze. Watoto wa nyumba yangu watakula mazoezi?" Alirudi nyumbani, na juma lililofuata hakwenda. Nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, pamoja na kokoto zisizopasuliwa siku hiyo, vilikuwa vinamgharimu kuliko sindano.

Hapa ndipo wengi wanaosifu tiba ya viungo hukosea. Husema, "Sindano ni ya wavivu, mazoezi ni ya wenye nia." Huo si ukweli, na ni ukatili. Yule mama hakuwa mvivu hata siku moja. Alichokosa ni muda. Sindano humwuzia maskini kesho yake kwa bei anayoimudu. Tiba ya viungo humwahidi mwaka ujao, lakini inataka alipe kwa siku za leo, na siku za leo ndiyo mali pekee aliyo nayo. Mwenye mshahara akiambiwa apumzike na afanye mazoezi wiki sita, mshahara unaingia. Mpasua kokoto akiambiwa hivyo, anaambiwa alale njaa kwa faida yake mwenyewe. Asipofanya, tunaandika kwenye kitabu chetu kwamba mgonjwa hakufuata maelekezo.

Kwa hiyo naona kuna dhuluma za aina mbili. Ya kwanza ni kumpa mtu sindano kila anapoomba na kumwachia maumivu yake. Muuza dawa anajua kwamba haimponyi, lakini mteja ameomba, na mteja akikataliwa atakwenda duka la pili. Kumpa mtu anachokitaka huku unajua hakimfai si wema, hata kama anakushukuru. Dhuluma ya pili imejificha zaidi. Ni kumpa mtu ukweli mtupu, kwamba uponyaji uko mikononi mwake, kisha kuondoka ukamwacha na mikono hiyo ikiwa imejaa. Daktari aliyesema kweli na hakuuliza, "Nani atakusaidia?", amesema nusu ya kweli.

Nikirudi kwenye swali langu la mwanzo, nadhani hapa ndipo uvumilivu wa aina mbili unapotengana. Kuvumilia maumivu mtu anaweza peke yake, gizani, bila kumsumbua mtu. Ndiyo maana tunausifu sana uvumilivu huo: hautugharimu kitu sisi wengine. Kuvumilia kupona hakuwezekani peke yake. Anayepona pole pole anahitaji mtu wa kumchotea maji, wa kumpikia, wa kushika nafasi yake kazini, wa kumwuliza jioni, "Leo umefanya?" Uvumilivu wake unadai uvumilivu wetu.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Hata kidogo. Mwanamke akijifungua, mila zetu nyingi humpa siku arobaini. Katika siku hizo hashiki jembe wala ndoo. Mama mzazi au mkwe huja na kukaa naye, humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji, humfunga tumbo. Hakuna anayesema ni mvivu, wala hakuna anayesema nduguze ni maskini kwa kuwa hawakumpeleka kwa bingwa. Kila mtu anaelewa kwamba mwili uliofanya kazi kubwa unahitaji muda wa kurudi, na kwamba muda huo hauwezi kutoka kwake peke yake. Unatolewa na watu. Wazee wa Kisukuma nao walikuwa na vikundi vya vijana waliolima kwa pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, kwa sababu walijua kwamba kazi inayomvunja mtu mmoja mgongo ni kazi ya asubuhi moja kwa watu ishirini. Tumekuwa na tiba hii muda wote. Tulichosahau ni kuitoa kwa ajili ya mgongo na goti, kama tunavyoitoa kwa ajili ya uzazi.

Kwa jirani yangu mambo yaliendelea hivi. Wanawake wa kikundi chake cha kuweka na kukopa walimwuliza kwa nini haonekani, akawaeleza. Wakakubaliana kwamba kwa wiki sita kila mmoja atamtolea ndoo kadhaa za kokoto kwa wiki, naye atalipa kwa kuwatunzia watoto wadogo. Yule binti mtaalamu, alipopigiwa simu na kuelezwa habari za nauli, alimwita mara moja kila baada ya wiki mbili badala ya mara mbili kwa wiki, na akamfundisha binti wa mama yule mazoezi yote ili ayasimamie nyumbani. Alimshauri pia kuacha kuketi chini: atafute kigoda, jiwe liinuliwe juu ya jiwe jingine, na kila baada ya muda asimame atembee. Kiwanja hakikuuzwa. Mtoto mkubwa aliombwa atume kila mwezi fedha kidogo za chakula, na kwanza aliona ni jambo dogo mno.

Sitasema kwamba mama yule alipona kabisa, maana hakupona kabisa. Maumivu ya mguu yaliisha baada ya miezi mitatu hivi. Ya kiuno hurudi akizidisha kazi, naye sasa anajua la kufanya yakirudi. Amepunguza saa za kupasua na ameongeza biashara ndogo ya dagaa. Mtu mwingine angeweza kufanya yote hayo na asipate nafuu kiasi hicho, na asingestahili lawama. Hilo nalisisitiza kwa sababu tiba inayomshirikisha mgonjwa ina mtego wake: ikifaulu tunaisifu tiba, ikishindwa tunamlaumu mgonjwa. Mwili si mkataba. Mtu anaweza kutimiza sehemu yake yote na mwili usitimize ya kwake.

Hata hivyo kuna kitu ambacho tiba hii humpa mtu hata inapomponya nusu tu, nacho sindano haiwezi kukitoa. Anayechomwa kila juma anajifunza kwamba mwili wake ni mali ya mwenye dawa. Ukisumbua, aupeleke kwake. Anayejifunza kuinama upya, taratibu, kwa kujua kwa nini, anarudishiwa mwili wake. Anajua maumivu yapi ni ya kuogopa na yapi ni ya kupita. Sidhani kwamba hilo ni jambo dogo kwa mtu ambaye hana mtaji mwingine zaidi ya mwili huo.

Basi, msomaji, nina ushauri mfupi. Ukiumwa, pimwa kwanza, na kama hakuna hatari, uliza kuhusu tiba ya viungo kabla ya kuuliza bei ya upasuaji. Ukiwa daktari au muuza dawa, usimpe mtu sindano kwa sababu tu amekuja akiitaka. Na ukimpa mazoezi, muulize atayafanya saa ngapi na nani atashika kazi yake. Lakini wengi wetu, leo hii, hatuumwi wala si madaktari. Sisi ni ndugu na majirani wa anayeumwa. Tukimwona amelala mkekani akinyanyua mguu mara kumi, tusimcheke wala tusiharakishe kumtafutia jambo kubwa zaidi. Tumwulize ni kazi gani ya leo tunaweza kumpokea, kisha tuipokee, leo na juma lijalo na lile linalofuata.